Yatta: mbona lava imekaa juu na mto uko chini? Na maji ya chemchemi ya Mzima je?

#1 Kidau_wa_Likoni
Salamu waungwana. Ukipanda treni ya Mombasa kwenda Nairobi, ukishapita Voi tazama upande wa kulia. Kuna ukuta mrefu wa ardhi, juu umenyooka kama uliopigwa rula, wakuandama mpaka uchoke kuutazama. Hiyo ndiyo Yatta. Vitabu vya shule vyasema ni mtiririko wa lava mrefu kuliko wote duniani, karibu kilomita 300, na kwamba ulitoka mlima Ol Doinyo Sabuk.

Maswali mawili. Lava ni uji, na uji hufuata bonde. Sasa mbona huu umekaa juu, na mto Athi ndio uko bondeni? Na la pili: volkeno iliyomwaga uji wa kilomita 300 shimo lake liko wapi?

#2 MwalimuWaRamani
La kwanza ni rahisi. Ilipita bondeni kweli. Miaka milioni 13 na nusu iliyopita hapo palikuwa na bonde la mto. Lava ikajaa humo, ikapoa, ikawa ngumu kuliko miamba ya kandokando. Mto ulipokuta njia imezibwa ukahamia ubavuni. Kutoka hapo mvua na mto vikawa vinakula kingo laini za lile bonde, lava hailiki. Kingo zikaisha, zikashuka, na kilichokuwa sakafu ya bonde kikabaki juu.

Ushahidi uko kwenye umbo lenyewe. Ukanda una upana wa kilomita 1 hadi 10 tu kwa urefu wote huo, na una mapindo kama ya mto. Lava iliyomwagika uwandani ingetandaa kama uji kwenye sinia.

Tena msidhani ule ukuta wote ni lava. Lava ni kofia tu, sehemu nyingi ina unene wa mita 10 na kitu hadi 20 na kitu. Chini yake ni naisi, mwamba wa kale mno, uleule unaouona Voi na milima ya Taita.

#3 Jabali
Nyongeza, na marekebisho kwa #1: Ol Doinyo Sabuk si volkeno. Ni kilima cha miamba ya kale kilichobaki baada ya ardhi ya pembeni kumomonyoka. Hakikumwaga kitu. Kosa hili limezagaa kwa sababu ukanda wa Yatta unaanzia maeneo hayo, basi watu wakaona mlima uko jirani wakaubandika jukumu.

#4 Kidau_wa_Likoni
Shukrani #2. #3 umeniondolea mlima, sasa nipe mwingine. Ilitoka wapi?

#5 Jabali
Hapo ndipo wataalamu wenyewe hawajapatana. Maelezo ni matatu.

La kwanza lasema chanzo kiko magharibi, upande wa mashariki wa lilipo Bonde la Ufa leo, na lava ikateremka kwa mto mmoja mpaka Tsavo. Wanaosema hivi huihusisha na fonolaiti (aina ya jiwe la lava, ndiyo hii ya Yatta) ya Kapiti, ile iliyotanda nyanda za Athi, kwa sababu mawe yanafanana na umri wake unakaribiana.

La pili lasema haikusafiri hivyo. Ilitoka kwenye nyufa zilizopasuka kwa mpangilio kufuata mstari huohuo, kila kipande cha Yatta kikatapika papo hapo.

La tatu ni la kati: chanzo ni cha magharibi, lakini si mmwago mmoja. Ni mimiminiko kadhaa, mmoja juu ya mgongo wa mwingine, kila mmoja ukifika mbele kidogo kuliko uliotangulia.

Mimi niko na la kwanza, lakini sitamrushia mtu kiatu.

#6 Makupa_Kozi
Mimi ni wa nyufa. Fonolaiti ina silika na alkali nyingi kuliko basalti, ile lava nyeusi ya kawaida, na ina mnato. Basalti hutiririka kama mafuta ya kupikia, fonolaiti ni kama asali ya baridi. Niambieni asali ya baridi imesafirije kilomita 300 bila kuganda njiani? Kwa nyufa hakuna haja ya safari.

#7 MwalimuWaRamani
#6 hoja nzuri, ila ukisema nyufa lazima utuonyeshe nyufa. Ufa uliotapika lava huacha kitu: dike, yaani ukuta wa lava iliyoganda ndani ya ufa wa naisi, au vilima vya majivu na makaa vilivyojipanga juu ya mstari. Chyulu, ile milima ya volkeno ng'ambo ya reli, ina mamia ya vilima vya namna hiyo. Yatta juu ni bapa.

Na mnato si suala la aina ya jiwe peke yake. Tazama mambo manne: joto, mteremko, kasi ya mmwago, na ganda. Lava ikitoka na joto la zaidi ya nyuzi 1,000 ni nyepesi kuliko unavyodhani. Ikibanwa bondeni inakuwa nene, na lava nene hukaa na joto muda mrefu. Juu ikishika ganda, lile ganda ni kama kifuniko cha sufuria ya wali: ndani kunachemka, nje mtu angeweza kudhani kumepoa. Ikikosa hata moja kati ya hayo manne, inakufa njiani.

#8 Jabali
Hapo kwenye mteremko #7 umegusa jambo kubwa. Mwaka 2010 mtafiti Wichura na wenzake wa Potsdam, Ujerumani, waligeuza hesabu. Badala ya kuuliza lava ilifikaje, wakauliza: kwa kuwa tunaona imefika, chanzo chake kilikuwa juu kiasi gani? Wakachukua unene, mnato na urefu, wakatafuta mteremko unaohitajika. Jibu lao ni kwamba miaka milioni 13.5 iliyopita chanzo kilikuwa kwenye mwinuko wa mita 1,400 angalau.

Maana yake ni kwamba uwanda wa Afrika Mashariki ulishanyanyuka kabla Bonde la Ufa la Kenya halijapasuka. Ardhi ilivimba kwanza, ikapasuka baadaye. Kwa hivyo jiwe hili la nyikani ni kama kipimo cha fundi, ile pima maji, iliyosahauliwa hapo ikiendelea kuonyesha mteremko wa zamani.

#9 Makupa_Kozi
Lakini hesabu hiyo inasimama juu ya dhana kwamba ni mtiririko mmoja kutoka chanzo kimoja. Ukikubali nyufa, au ile ya tatu ya #5, mita 1,400 zinaanguka. Mnathibitisha safari kwa mteremko, halafu mnathibitisha mteremko kwa safari. Ni kuku na yai hilo.

#10 Jabali
Si yai. Umbo la bonde halitegemei dhana hiyo. Ila kwenye mimiminiko mingi nakubali, hapo hesabu inalegea.

#11 Sheikh_wa_Kibokoni
Kwanza neno lenyewe. Kiswahili cha vitabu vya Bara kuna "zaha". Lava ni ya wageni.

#12 BintiMajengo
Ami, ukienda Mtito Andei ukauliza "zaha iko wapi" utaonyeshwa duka la nguo za harusi 😂

#13 NyotaYaKilindini
Turudi kwenye sifa ya #1, "mrefu kuliko wote duniani". Hapana. Kule Marekani, basalti za mto Columbia, mtiririko uitwao Pomona ulitoka Idaho ukafika Bahari ya Pasifiki, zaidi ya kilomita 500. Uhindi, lava za Rajahmundry karibu na pwani ya mashariki zinahusishwa na zile za Deccan upande wa magharibi, safari ya karibu kilomita 1,000. Undara ya Australia ina kilomita 160 tu, lakini ni changa, kama miaka 190,000, kwa hiyo mapango yake bado yako wazi.

Yatta mpe taji lake halisi: fonolaiti iliyokwenda mbali kuliko fonolaiti yoyote ijulikanayo. Wengine wote hao ni basalti, mafuta ya kupikia ya #6. Asali iliyofika kilomita 300 ni ajabu kubwa zaidi.

#14 Kidau_wa_Likoni
Basi vitabu vya shule vyetu vimedanganya mara mbili ndani ya sentensi moja. Endeleeni.

#15 MkambaWaChangamwe
Kwa anayetaka kujionea bila gari la mbuga:

Kwenye treni kaa kulia ukitoka Mombasa, kushoto ukirudi. Uso wa Yatta unaoelekea reli umetazama magharibi, kwa hivyo treni ya asubuhi utauona mweusi tu, jua liko nyuma yake. Alasiri ndipo mwamba unapigwa na mwanga na utaona mstari wa kofia ya lava ukiachana na mteremko wa chini. Kipande kizuri ni kati ya Voi na Mtito Andei. Ukishapita Mtito geuza shingo, Chyulu iko kushoto.

Kwenye picha za satelaiti anzia pale Tsavo na Athi zinapokutana. Kutoka hapo mto unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Sasa panda juu kufuata Athi. Yatta itakuwa kulia kwa mto, kama nyoka wa kijivu. Upande wa pili wa Yatta utaona mto Tiva, wa msimu, umekaa kwenye ubavu mwingine. Mito miwili, nyoka katikati. Hapo #2 utamwelewa bila maneno.

Maporomoko ya Lugard nayo yako Galana hapohapo chini. Watu huenda wakitarajia maji yaanguke kutoka juu. Ni maji kubanwa kwenye mifereji ya naisi, hakuna cha kuanguka. Tena mkiona pale jiwe lenye mistari ya rangi ya waridi na kijivu msiseme lava.

#16 Jabali
Na kwa wenye jiwe mkononi wasiojua ni la wapi. Fonolaiti ya Yatta ni ya kijivu cha giza, wakati mwingine yaelekea kijani, na ina fuwele kubwa zinazong'aa ndani yake. Bamba jembamba likigongwa kwa nyundo lalia kama kigae, ndiyo asili ya jina lake kwa Kigiriki, jiwe la sauti. Basalti ya Chyulu ni nyeusi, ina vitundu vya mapovu ya gesi kama mkate wa mofa, na mara nyingi ina chembe za kijani za olivini. Ikikaa na mvua sana huwa nyekundu ya kutu.

Mawe ya Mazeras yanayowekwa kwenye kuta za nyumba huku kwetu hayahusiki kabisa, huo ni mchanga ulioganda.

#17 Pwani_Tu
Kwa ufupi huku pwani sisi ni matumbawe tu, volkeno ni mambo ya Bara.

#18 NyotaYaKilindini
#17 nenda Kwale. Mrima na Jombo ni mabaki ya volkeno, za tangu enzi ya madainosa. Mrima ni kabonataiti, aina adimu, ndiyo maana watu hawaishi kuuzungumzia kwa niobi na madini mengine adimu yaliyomo. Kilichobaki ni mizizi, kilele kilishaliwa zamani. Ukilinganisha, Yatta ni mtoto, na Chyulu bado iko tumboni.

#19 Pwani_Tu
Nimekaa chini.

#20 Rabai_Juu
Tuongeze historia kidogo. Kabla ya reli, misafara ya Wakamba ilikuwa ikishusha pembe za ndovu mpaka Rabai na Mombasa. Taabu ya safari ilikuwa maji. Kutoka Rabai unaingia nyika ya Taru, tegemeo lako ni ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua. Ukizikuta kavu umekwisha. Halafu Maungu, Ndara, Tsavo.

Mmisionari Krapf alipita Kikumbuliu, ndiko Kibwezi, akavuka Athi na Yatta kwenda Kitui kwa Kivoi, mkubwa wa misafara ya Wakamba, mwaka 1849. Tarehe 3 Desemba mwaka huo ndipo alipouona Mlima Kenya. Akarudi 1851, na safari hiyo Kivoi aliuawa walipovamiwa wakielekea Tana.

Kwa mtu wa msafara, Yatta ilikuwa kizuizi cha namna yake. Juu hakuna mto wala chemchemi ya kutegemea. Unateka Athi, unapanda, unavuka, unashuka upande wa Tiva ambao ni wa msimu. Ukikosea mwezi, umeacha maji nyuma na mbele ni mchanga. Reli nayo ilipojengwa kuanzia 1896 ikashika upande wa magharibi wa Athi, haikugusa Yatta hata hatua moja.

#21 MkambaWaChangamwe
#20 upo sawa, ila hiyo ni Yatta ya kusini. Kaskazini, upande wa Thika na Matuu, Yatta ina mfereji wa karibu kilomita 60 unaotoa maji mto Thika. Ulichimbwa miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari, kwa mikono ya mahabusu. Ule mfereji hauhitaji pampu. Unafuata mgongo wa uwanda, na mgongo unateremka polepole kuelekea kusini mashariki. Mteremko uleule wa #8 uliobeba lava ndio unaobeba maji ya mahindi leo.

#22 Makupa_Kozi
Hapo nimependa. Bado sijakubali, lakini nimependa.

#23 BintiMajengo
Mmesahau nusu ya kichwa cha uzi. Mzima, chemchemi ya Tsavo Magharibi inayotupa maji Mombasa! Nijuavyo mimi maji ya Mzima ni theluji ya Kilimanjaro ikiyeyuka inapita chini kwa chini. Sivyo?

#24 FundiBomba_Tudor
Dada, theluji ya Kilimanjaro ni kidogo mno kwa chemchemi ile. Hesabu inayotajwa sana ya Mzima ni galoni milioni 50 kwa siku. Galoni ya Kiingereza ni lita 4.546, kwa hivyo ni lita milioni 227, kama lita 2,600 kila sekunde. Hiyo ni mvua ya eneo kubwa.

Eneo lenyewe ni Chyulu. Ile milima ina urefu wa karibu kilomita 100, kilele mita 2,188, ina msitu na ukungu juu, lakini haina hata mto mmoja. Jiulize mvua yote inakwenda wapi. Majivu na basalti vimejaa vitundu na nyufa, maji yanapita kama kwenye kung'uto. Yanashuka mpaka yakute naisi isiyopitisha, yanateleza juu yake chini ya lava. Lava inapoishia, maji yanalazimika kutoka. Hapo ndipo Mzima. Upande wa Kibwezi yanatokea Umani.

Tena Mzima ina kioja chake. Maji yanatoka chini ya ukingo wa lava, yanatengeneza mabwawa ya viboko, yanatiririka kama kilomita 2, halafu yanakuta ulimi mwingine wa lava yanazama tena.

#25 MwalimuWaRamani
#24 nakubaliana na Chyulu, ila usiifute Kilimanjaro yote. Ya theluji ni hadithi, lakini msitu wa Kilimanjaro unapata mvua nyingi, na kuna chemchemi zake za hakika: Nolturesh karibu na Loitokitok, ambayo ina bomba lake linalokwenda mpaka Machakos. Kuna wanaosema sehemu ya maji ya Kilimanjaro hufika hata Mzima. Mvua ya mlima wa Kilimanjaro, si barafu yake.

#26 FundiBomba_Tudor
Hiyo naweza kuishi nayo.

#27 Kidau_wa_Likoni
Fundi, na bomba letu la Mzima hadi Mombasa linachukua kiasi gani? Maana kuna wanaosema Mombasa inakausha viboko.

#28 FundiBomba_Tudor
Bomba lilianza kazi 1957, urefu wake kama kilomita 220, uwezo wake lita milioni 35 kwa siku. Gawa kwa milioni 227 za juu, ni kama asilimia 15. Na hayatekwi kwenye bwawa. Yanachukuliwa ndani ya lava, nyuma ya mabwawa, kabla hayajaona jua. Kwa hivyo tope na kinyesi cha viboko haviingii bombani.

Uzuri wake mkubwa ni kuwa yanakuja kwa mteremko, hayasukumwi. Mzima iko zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Baricho kule Sabaki ni visima vya mchangani kando ya mto, lazima pampu. Umeme ukikatika Baricho kunanyamaza, Mzima yanaendelea.

Ubaya wa mteremko nao upo. Kila mita 10 za kimo ni baa 1 ya msukumo. Ukifunga bomba la mita 600 huku chini bila kulikata, unapata baa 60, hakuna kiungo cha kawaida kitakachostahimili. Ndiyo maana bomba kama hilo huwekwa matangi njiani, maji yanaanguka tangini, msukumo unakufa, yanaanza upya. Penye vilima panawekwa vali za kutoa hewa, kwani hewa ikinaswa kileleni huziba njia kama gogo. Penye mabonde vali za kutoa tope. Na vali kuu hufungwa taratibu, mzunguko kwa mzunguko. Ukiifunga kwa haraka maji yaliyoko nyuma yanakuja kwa kishindo na bomba linapasuka mbali kabisa na uliposimama. Wanaotoboa bomba kule nyikani kuiba maji huleta madhara mawili: maji yanapotea, na msukumo ukishuka uchafu unaingia kwenye tundu lilelile.

#29 Pwani_Tu
Asilimia 15 tu? Basi tuchukue zaidi.

#30 MwalimuWaRamani
Yanayobaki hayapotei. Yanaingia mto Tsavo, Tsavo inakutana na Athi, inakuwa Galana, inakuwa Sabaki, na Baricho iko ukingoni mwa Sabaki. Wakati wa kiangazi Athi inapokuwa nyembamba, mchango wa chemchemi ndio unaoonekana. Ukiongeza bomba la juu, unapunguza kisima cha chini. Unatoa mfuko wa kushoto unatia wa kulia.

#31 Sheikh_wa_Kibokoni
Na ile lava ya Shetani pale Tsavo Magharibi, ilimwagika lini hasa? Nimesoma miaka 200, nimesoma 500.

#32 Jabali
Shetani na Chainu ndizo changa kuliko zote Chyulu. Tarehe inayotajwa zaidi ni katikati ya karne ya 19, yaani siku za Krapf na mmisionari mwenzake Rebmann. Chyulu ilianza kaskazini miaka milioni 1.4 hivi iliyopita na imekuwa ikihamia kusini mashariki, kwa hivyo Shetani iko pale inapotarajiwa. Ina urefu wa kilomita 8, upana 1.6, unene mita 5 hivi. Wenye kusema 500 hutazama mimea iliyoanza kushika. Wenye kusema 150 hadi 200 hutazama simulizi za wenyeji juu ya moto uliotoka ardhini. Mimi kigezo cha mimea sikiamini, basalti yenye vitundu hushika kuvu-mwani upesi pakiwa na umande, na Chyulu ina umande.

Ukienda, vaa viatu vya soli nene. Ile lava ni kama chupa iliyovunjika, ndara hazifiki nusu njia.

#33 Makupa_Kozi
Nimerudi na picha za satelaiti kama alivyoelekeza #15. Mapindo ya mto nimeyaona, sikatai. Lakini mbona kusini ya Mtito mapindo yanapungua na ukanda unanyooka? Mto gani hunyooka hivyo? Ufa ndio hunyooka.

#34 Jabali
Au mto uliofuata ufa wa kale kwenye naisi. Mito hupenda palipovunjika.

#35 Makupa_Kozi
Kwa hiyo ufa upo!

#36 MwalimuWaRamani
Ufa wa kupitisha maji, si wa kutapika. Hebu subiri, nitaleta vimo vya mgongo wa Yatta kila kilomita 20 tuone kama mteremko unakatika popote. Kama ni nyufa, mahali fulani mgongo utapanda tena.

#37 BintiMajengo
Mkimaliza kupima mniambie mbona bomba la Kisauni latoa maji ya chumvi. Hilo halina miaka milioni 13.

#38 FundiBomba_Tudor
Hilo si Mzima dada, hicho ni kisima cha jirani kimeunganishwa tangini. Matumbawe yana vitundu kama basalti, ila chini yake badala ya naisi kuna bahari. Ukivuta sana, chumvi hupanda. Funga vali ya kisima, mwaga tangi, onja tena kesho.